Profesa wa takwimu hapimwi kwa kuhesabiwa pepa

Profesa akitambulishwa kwenye mkutano stori huwa ni ile ile, ana pepa mia na ushee kwenye majarida, amenukuliwa mara elfu kadhaa, ameleta ruzuku za kutosha, alafu mwishoni kabisa tena kwa haraka ndo inatajwa kwamba na kufundisha anafundisha. Fani nyingine sitaki kuziingilia, ila kwa profesa wa takwimu naona hicho kipimo kinakosea pakubwa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa ndo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuwaambia wenzao kabla hujaanza kuhesabu jiulize kwanza hicho unachohesabu kinawakilisha nini. Daktari akiwafuata na data iliyopima kitu tofauti na kile anachotaka kukijua wanamrudisha akaanze upya. Kamati ya promosheni ikikaa, watu haohao wanajumlisha pepa.

Ninachosema mimi ni kwamba kwenye takwimu darasa na utafiti haviko mbalimbali kama tunavyovitenganisha kwenye zile fomu. Sehemu kubwa ya mambo mazito ya hii fani yametokea kwa mtu aliyekuwa anafundisha, au amekaa na mtu mwenye data yake anahangaika nayo. Ukimpa profesa motisha ya kukwepa darasa na kukwepa watu wenye shida zao, unakata mzizi wa huo utafiti unaotaka kuuhesabu.

Chukua C. R. Rao, mwanatakwimu wa India. Mwaka 1944 alikuwa kijana mdogo tu wa miaka ishirini na kitu, anafundisha kozi ya ukadiriaji, yaani kutumia data kukisia kiasi usichokijua, Chuo Kikuu cha Calcutta, na siku hiyo alikuwa anaeleza tokeo la Ronald Fisher, mwanatakwimu mkubwa wa Uingereza, kuhusu kadirio linaweza kuwa sahihi kiasi gani. Tokeo lile lilikuwa linasimama pale tu sampuli inapokuwa kubwa bila kikomo. Mwanafunzi mmoja, V. M. Dandekar, ambaye baadaye alikuja kuwa mchumi mwenye jina kubwa, akauliza kwanini lisithibitishwe kwa sampuli za kawaida, zile ambazo watu wanakuwa nazo kweli mkononi. Rao hakumjibu kwamba hiyo ipo nje ya silabasi, akarudi nyumbani, akakesha nalo, kesho yake akaingia darasani na jibu. Jibu hilo ndo lile ambalo leo kila anayesoma takwimu kwa kina anakutana nalo kama kikomo cha Cramér–Rao, yaani hata uwe fundi kiasi gani, kadirio lisiloegemea upande wowote haliwezi kuyumba chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho kinaamuliwa na habari iliyomo ndani ya data yenyewe. Jina la Cramér limeingia pale kwasababu Harald Cramér wa Sweden naye alilifikia peke yake miaka hiyohiyo.

Mwaka 1945 Rao akaiweka ile kazi kwenye pepa moja iliyotoka kwenye jarida la chama cha hisabati cha Calcutta, jarida ambalo kwa vigezo vya leo kamati nyingi zingeliangalia mara moja na kupita. Na humo hakikuwemo kikomo hicho peke yake. Lilikuwemo pia wazo ambalo David Blackwell, mwanatakwimu mweusi wa Marekani, naye alilifikia kivyake mwaka 1947 na saivi linaitwa Rao–Blackwell, kwamba ukiwa na kadirio la kubahatisha, ukalichuja kupitia muhtasari unaobeba habari yote iliyomo kwenye data kuhusu kile unachokitafuta, unapata kadirio ambalo kwa wastani wa makosa haliwezi kuwa baya kuliko lile la kwanza. Alafu likawemo wazo la tatu, la kuzitazama familia za migawanyo ya uwezekano (yaani namna uwezekano unavyosambaa kwenye matokeo mbalimbali) kama umbo lenye umbali na mkunjo, na hilo limezaa tawi zima la jiometria ya habari. Yote matatu kwenye pepa moja! Ukiingiza kwenye mfumo wa kuhesabu inasomeka pepa moja.

Mwaka 2023 ndo Rao akapewa Tuzo ya Kimataifa ya Takwimu, ikiwa na dola 80,000, kwa kazi iliyoanzia kwenye pepa ile ya 1945. Alikuwa na miaka 102, na akafariki mwezi Agosti mwaka huohuo. Hesabu mwenyewe, kati ya pepa na tuzo imepita miaka 78, wakati sisi tunataka mhadhiri kijana aonyeshe "mchango" wake ndani ya miaka mitano au sita la sivyo atafute kazi kwingine.

Kuna kipande kingine cha maisha ya Rao ambacho watu wanakiruka. Mwaka 1946 alipelekwa Cambridge, na hakupelekwa kutunga nadharia, alipelekwa kupima mifupa. Kulikuwa na mabaki ya watu wa kale yaliyochimbwa Jebel Moya kule Sudan, watu wa makumbusho wakahitaji mtaalamu wa kuchambua vipimo vya mafuvu ili kujua watu wale walikuwa na uhusiano gani na jamii nyingine. Akawa anafanya kazi hiyo huku anasoma PhD chini ya Fisher, akaimaliza 1948, na mbinu zake nyingi za kuchambua vipimo vingi kwa pamoja zinatokana na kukaa na ile mifupa. Baadaye akiwa Taasisi ya Takwimu ya India akawalea watu, na mmoja wa aliowasimamia, S. R. S. Varadhan, alipata Tuzo ya Abel mwaka 2007, ambayo kwenye hisabati ni miongoni mwa zile za juu kabisa. Sasa mafanikio ya Varadhan yanakaa kwenye safu gani ya CV ya Rao? Kwenye mfumo wetu yanaandikwa mstari mmoja, "amesimamia wanafunzi kadhaa wa PhD", basi.

David Blackwell mwenyewe ni somo kamili. Alizaliwa 1919 Centralia, Illinois, akaingia chuo na miaka 16 akiwa na nia ya kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na akapata PhD 1941 akiwa na miaka 22. Mwaka 1942 mwanatakwimu Jerzy Neyman alimfanyia usaili wa kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na akamtaka, ajira ikakwama, na baadaye ikajulikana kwamba kilichoikwamisha ni rangi yake. Yeye wala hakuwa ametegemea vyuo vya wazungu vimchukue, aliandika barua zaidi ya mia moja kwenda vyuo vya watu weusi peke yake. Akafundisha Southern, akafundisha Clark, kisha mwaka 1944 akaenda Howard, Washington, akakaa miaka kumi kwenye chuo ambacho mzigo wa kufundisha ulikuwa mzito na muda wa utafiti unaupata kwa kuuiba. Pale Washington alienda kusikiliza mhadhara wa mwanatakwimu Abe Girshick, kuna jambo Girshick alilisema Blackwell hakuliamini, akaenda kutafuta mfano wa kulipinga, akaona ameupata, akamwandikia. Ule mfano haukuwa sahihi ila Girshick akamwita waongee, na hapo ukaanza ushirikiano wao wa miaka mingi kwenye nadharia ya maamuzi.

Berkeley ilikuja kumchukua baadaye, 1954 akafika, akapanda hadi kuwa mwenyekiti wa idara ya takwimu, na 1965 akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Alisimamia wanafunzi wa PhD zaidi ya 60. Na huyu mtu alisema wazi kwenye mahojiano kwamba kufanya utafiti kama utafiti hakujawahi kumvutia, yeye alitaka kuelewa, na mara nyingi ili uelewe kitu inabidi ukifanyie kazi mwenyewe kwasababu hakuna aliyekwisha kukifanya. Hiyo kauli ningependa kila mhadhiri anayeanza aisome taratibu. Mtu anayetaka kuelewa hawezi kuligawa wazo moja vipande vinne ili apate pepa nne, wala hawezi kuogopa kufundisha, maana hakuna kinachokufichulia kwamba hujaelewa kama kusimama mbele ya watu arobaini kuwaeleza p-value (ile namba inayopima matokeo kama yako yangetokea kwa urahisi gani kama hakuna chochote kinachoendelea) ni nini alafu mmoja anyanyue mkono.

Tena siyo mambo ya enzi hizo tu. Programu ya R, ambayo leo watu wa takwimu dunia nzima wanaitumia bure, ilianza Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walioianzisha, Ross Ihaka na Robert Gentleman, wamesema wenyewe kwamba waliona hitaji la programu bora zaidi kwenye maabara yao ya kufundishia iliyokuwa na kompyuta za Macintosh. Mwaka 1995 wakaiachia kwa leseni huria, toleo la 1.0.0 likatoka Februari 2000. Shida ya darasani imezaa kitu ambacho athari yake kwenye sayansi inazipita jumla ya pepa za idara nyingi zikiwekwa pamoja. Na bado mpaka leo mhadhiri akiandika kifurushi cha R, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye R, kinachotumiwa na maelfu ya watu, kamati nyingi zinamuuliza sawa, ila pepa yake iko wapi?

Sasa kuna hii kazi ya ushauri ambayo sijui kwanini inadharauliwa. Profesa wa takwimu kwenye chuo kikubwa ni kama kisima cha kijiji, kila mtu anakuja kuchota, mkulima na mbegu zake, daktari na wagonjwa wake, mtu wa elimu na shule zake. John Tukey, mwanatakwimu wa Marekani aliyegawa maisha yake kati ya Chuo Kikuu cha Princeton na maabara ya utafiti ya Bell Labs, alikuwa akiisifia fani hii kwa sababu hiyohiyo, kwamba inakuruhusu kuingia kwenye uwanja wa kila mtu. Lakini angalia kinachotokea kwenye pepa ya tiba yenye waandishi kumi na wawili, mtu wa takwimu yupo katikati ya orodha, wa saba huko, au yupo kwenye shukrani, au hayupo kabisa kwasababu alichofanya ni kumwambia mtafiti kabla hajaanza kwamba sampuli yako ni ndogo na mpango wako hautakujibu swali lako. Kuuzuia utafiti mbovu usifanyike ni kazi kubwa sana, na haiachi pepa yoyote nyuma yake.

Doug Altman, aliyekuja kuwa profesa wa takwimu za tiba Oxford, aliliandika hili kwa uchungu mwaka 1994 kwenye jarida la tiba la BMJ, kwamba tunahitaji utafiti mchache zaidi, ulio bora zaidi, na unaofanywa kwa sababu zilizo sahihi. Tatizo aliliona kwenye mfumo unaowalazimisha madaktari wachapishe ili wapande vyeo hata kama hawajafundishwa kufanya utafiti. Miaka zaidi ya thelathini imepita na sisi tumeupeleka mfumo uleule kwa watu wa takwimu wenyewe, waliotakiwa kuwa breki.

Tuje kwenye hesabu zenyewe, maana mtu anaweza kusema sawa, hizo ni stori za watu wakubwa, nionyeshe kipimo kina shida gani. Mwaka 2008 umoja wa kimataifa wa hisabati pamoja na vyama viwili vya hisabati tumizi na takwimu ulitoa ripoti kuhusu matumizi ya takwimu za kunukuliwa. Walichukua majarida mawili ya Chama cha Hisabati cha Marekani, moja likiwa na kipimo cha athari (wastani wa mara pepa zake za karibuni zinavyonukuliwa) takriban mara mbili ya lingine. Ungedhani pepa yoyote ya lile la juu ni bora kuliko ya lile la chini, si ndiyo? Walipochukua pepa moja kwa bahati nasibu kutoka kila jarida, uwezekano wa ile ya jarida la chini kuwa imenukuliwa sawa au zaidi ya mwenzake ulikuwa asilimia 62. Yaani ukitumia jarida kuamua pepa ipi ni bora, unakosea zaidi ya nusu ya mara. Sababu ni kwamba pepa nyingi hazinukuliwi kabisa kwenye ule muda mfupi wanaopima, alafu chache zinanukuliwa sana na kuuvuta wastani juu, kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa, ukiona mgawanyo umevutwa upande mmoja usiuamini wastani.

Na huo muda mfupi ndo unaua kabisa. Yoav Benjamini na Yosef Hochberg walipokuja na wazo la kudhibiti kiwango cha ugunduzi wa uongo, yaani kati ya vyote unavyotangaza umevigundua ni vingapi siyo kweli, pale unapofanya majaribio mengi kwa mpigo, majarida yalilikataa, ikawachukua miaka mpaka likatoka 1995. Baadaye wataalamu wa jeni walipoanza kupima maelfu ya jeni kwa mara moja wakakuta jibu lao limeshaandikwa, na leo pepa hiyo ni kati ya zinazonukuliwa zaidi kwenye takwimu. Lasso ya Robert Tibshirani, mbinu ya kuchagua vigezo vichache vyenye uzito kati ya vingi, ilitoka 1996, miaka ya mwanzo haikushtua watu, mpaka kompyuta na data kubwa vikaifikia. Mhadhiri kijana mwenye wazo la namna hiyo leo, anayepimwa kila baada ya miaka mitatu, tunamshauri alifiche?

Basi wengine wanasema kama ni hivyo tupime na ufundishaji, wanafunzi wajaze zile fomu za mwisho wa semista tuchukue wastani. Hapo napo pana mashimo. Philip Stark, profesa wa takwimu Berkeley, akiwa na Richard Freishtat waliandika 2014 kwamba ule wastani hauna hata mantiki, kwasababu alama za moja mpaka saba ni majina ya makundi, mwalimu aliyepewa tatu na saba siyo sawa na aliyepewa tano na tano, na wale ambao hawakujaza fomu hatujui wangesema nini. Mwaka 2016 Stark na wenzake wakachambua data za Ufaransa na Marekani wakakuta fomu hizo zinawaonea walimu wanawake. Upande wa Marekani ilikuwa kozi ya mtandaoni ambayo majina ya walimu yalibadilishwa, wanafunzi wakampa alama za chini waliyemdhani mwanamke hata kwenye swali la kama alirudisha kazi kwa wakati, wakati kazi zilirudishwa muda uleule. Kwa hiyo kuhamisha imani yetu kutoka kwenye idadi ya pepa kwenda kwenye wastani wa fomu hakutusaidii.

Ila kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu sana na sitaki kuipita. Namba zina kasoro, lakini namba hazina mjomba. Ukiondoa hesabu ukawaachia wazee wa kamati waamue kwa busara zao, aliyesoma na mwenyekiti anapita na asiyejulikana anabaki. Mfano ni huyohuyo Blackwell, kilichomnyima kazi 1942 ni busara za watu. Mfano mwingine mwanatakwimu Gertrude Cox, ambaye 1940 alikwenda kuongoza idara mpya ya takwimu za majaribio North Carolina. Bosi wake George Snedecor alipoombwa mapendekezo aliandika orodha ya wanaume watupu, mpaka Cox alipouliza mbona jina langu halimo ndo akaongeza sentensi kwamba kama mko tayari kumfikiria mwanamke basi nampendekeza huyu. Akachukuliwa, akajenga moja ya idara zenye nguvu kwenye fani hii. Sasa fikiria kama asingeuliza.

Kwa hiyo sisemi namba zitupwe. Ziwe sakafu, mtu aonyeshe kwamba anafanya kazi, baada ya hapo zisitumike kumpanga nani wa kwanza nani wa kumi. Anayeomba cheo alete kazi zake tatu au nne anazoziamini, na kazi isimaanishe pepa peke yake, iwe programu, iwe kozi aliyoijenga upya, iwe mpango wa utafiti aliouokoa akiwa na barua ya yule daktari inayoeleza nini kingetokea bila yeye. Alafu kamati izisome. Ndiyo, kuzisoma kunachukua muda, ila tunamwamulia mtu miaka thelathini ya maisha yake na ya wanafunzi watakaopita mikononi mwake, muda huo upo. Kwenye ufundishaji kamati itume watu wawili waingie darasani wakae, waangalie mitihani anayotunga, waangalie wanafunzi wake wanafanyaje kwenye kozi inayofuata baada ya yake.

Na kuna jambo moja ambalo idara inaweza kulifanya semista ijayo bila kusubiri sera ya chuo. Ile kozi ya utangulizi wa takwimu, inayosomwa na watu wa tiba, kilimo, biashara na saikolojia, karibu kila mahali anapewa mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa juzi, kwasababu wakubwa wanaiona inawala muda wa utafiti. Wengi wa wale wanafunzi hawatasoma takwimu tena maishani, ila ndo watakaokuja kuendesha hospitali, kupitisha bajeti na kuandika habari. Apewe profesa mwenye uzoefu kuliko wote, mhadhiri mpya akae pembeni yake kama msaidizi ajifunze, na ule mwaka anaoifundisha usihesabiwe kwake kama mwaka aliopoteza.